Sauti Nene ya Mama wa Kambo

Mjukuu alipokataa kijiko kwa mara ya kwanza, Mama Redio hakumshuku mtoto. Alimshuku mama wa mtoto.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, chupa ya dawa mkono wa kushoto, kijiko kimejaa mkono wa kulia, akasema maneno yake ya kila asubuhi na kila jioni: "Hodi, hodi! Mgeni wa kijiko yuko mlangoni. Wenyewe mpo?" Kwa kawaida ya nyumba ile mtoto hujibu "Karibu!" na neno lenyewe likamfungua kinywa, dawa ikaingia kabla hajakumbuka kwamba ni chungu. Mchezo huo ulianza siku daktari alipowaambia kwamba mtoto ana kifafa na kwamba dawa ile asiikose. Haukuwahi kushindwa. Safari hii mtoto alifunga midomo mpaka ikawa mstari, akamtazama bibi yake kama anavyotazamwa mtu aliyekutwa na funguo za nyumba isiyo yake.

"Chiriku, mgeni anachoka kusimama."

Mtoto akavuta kichwa nyuma.

"Nani kakwambia usinywe?"

Chiriku akatupa jicho upande wa jikoni, ambako mama yake alikuwa akisuuza vikombe. Jicho hilo lilimtosha Mama Redio.

Mkamwana huyo alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya masafa marefu ambaye nyumbani kwake mwenyewe alikuwa kama mpita njia. Waliobaki ni wanawake wawili na mtoto mmoja katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu. Mkamwana alisimama kutwa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya umeme, mkwewe akabaki na mtoto. Waliitana "mama" na "mwanangu" kwa adabu zote, lakini adabu yao ilikuwa kama kitambaa cha meza, kinapendeza, na huwezi kujua kimefunika nini. Miezi michache iliyopita mkamwana alikuwa ameanza kudokeza kwamba ingefaa wahame, wawe na kwao. Mama Redio sasa aliuona mpango mzima. Kwanza mtoto anahamishwa moyo, mizigo itafuata.

Akamfuata jikoni.

"Mwanangu, umemwambia nini mtoto?"

"Kuhusu nini, mama?"

"Kuhusu mimi."

"Kwani kuna nini kuhusu wewe, mama?"

Swali juu ya swali. Mama Redio alikuwa ameigiza kesi za kutosha redioni kujua majibu ya namna hiyo hutoka kwa watu wa aina gani. Alichukua kikombe kilichokwisha kusuuzwa, akakisuuza tena.

Jina la Mama Redio hakujipa mwenyewe. Lilitoka mtaani, enzi ambazo mtu akisikika redioni alijulikana mpaka kwa muuza mkaa. Alikuwa na sauti nene, nzito, ya chini mno kwa mwanamke. Mpaka leo akipokea simu watu humwamkia "Shikamoo, mzee," naye huitikia "Marahaba" bila kuwasahihisha, kwa kuwa amechoka. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha. Katika michezo ya redio walisimama watu saba kuzunguka maikrofoni moja, karatasi zimeshikwa mbali na kifua zisichakarike, na mtu wa milio kwenye kona akigonga vifuu viwili ikawa farasi, akikunja bati ikawa ngurumo. Kabla ya kurekodi walikaa mezani wakausoma mchezo wote, tangu hodi ya kwanza mpaka maziko. Aliyepewa mtu mbaya alijua ubaya huo umetoka wapi na utamfikisha wapi. Na Mama Redio, kwa sauti ile, alipewa wabaya wengi: mawifi wa kuchonganisha, wakwe wasioshiba maneno, wapangishaji wasio na huruma. Hakulalamika. Mkwe mkorofi wa siku hizo alipewa angalau siku moja ya kujieleza, na wasikilizaji wengine walimwelewa, wengine hata wakamtetea.

Hayo yamekwisha. Ile studio siku hizi ni stoo ya viti vibovu. Watu hawataki tena kusikiliza kitu kinachowadai wafumbe macho na kukijenga kichwani mwao. Wanataka wachorewe kila kitu, mpaka kope.

Ndiyo maana alipoitwa kwenye studio ya kuingiza sauti za Kiswahili katika filamu za katuni alikwenda mbio, akiwa amevaa viatu vyake vya kazi vya zamani. Alikuta kijumba cha ukubwa wa kabati, kuta zimevalishwa sponji kama la godoro, maikrofoni moja, kioo kimoja cha picha, na mtu mmoja, yaani yeye. Kila mwigizaji aliingia peke yake, akasema vipande vyake, akatoka. Nyuma ya dirisha la vioo alikaa kijana msimamizi wanayemwita Masikio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona. Muda wote yamefunikwa na vipokea sauti.

"Wenzangu wako wapi?" Mama Redio aliuliza siku ya kwanza.

"Wenzako gani, mama?"

"Ninaosema nao."

"Utasema nao ndani ya kompyuta."

Hakuonyeshwa hata picha kamili. Masikio alimkuzia mdomo tu, mdomo wa mwanamke uliochorwa, umejaa kioo kizima, ili afuatishe unavyofunguka na kufumba. Mama Redio akauliza ni mdomo wa nani. "Wa malkia, mlezi wa binti mfalme," Masikio alisema. "Mama mwenye msimamo." Aliuona umepakwa rangi nyeusi, akajiambia kwamba mapambo ni mapambo. Hata hivyo jambo halikumkaa sawa. Kila alipouliza hadithi inaanzaje au inaishaje, Masikio alikumbuka kuna simu ya kupiga.

Ukumbini alikutana na msichana mwembamba aliyekuwa akinywa maji ya moto kwa kijiko. Huyo ndiye aliyefanya sauti ya binti mfalme. Mafundi walimwita Binti Pumzi.

"Wewe una maneno mengi?" Mama Redio alimuuliza.

"Maneno machache tu, mama. Pumzi ndizo nyingi. Kazi yangu kubwa ni kushtuka."

"Unashtuka nini?"

"Kila kitu. Ndege akitua nashtuka, mlango ukifunguka nashtuka. Mvulana akija nashtuka mara mbili." Akajaribu kucheka, na kicheko kikamtoka kwa sauti yake halisi, pana, ya mtu aliyekulia kwenye nyumba ya kelele. Papo hapo Masikio akachungulia mlangoni: "Binti! Tunza koo. Mtoto wa mfalme hachekei tumboni."

Mama Redio aliliweka hilo moyoni. Akaenda nyumbani, akafanya kazi yake, akalisahau, mpaka Chiriku alipokataa kijiko.

Baada ya siku ile mtoto alibadili mbinu. Alifungua kinywa bila kusema karibu, akapokea dawa, akafumba, akalala upesi na kugeukia ukutani. Mama Redio akatulia kidogo. Hata hivyo aliendelea kumchunguza mkamwana. Alisikiliza nyuma ya mlango wakati mama na mwana wanaoga. Akisikia minong'ono roho inamruka, akisikia kimya inamruka zaidi. Mara mbili alimkuta mkamwana ameinua chupa ya dawa mwangani, anaitazama.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?"

"Naangalia imebaki kiasi gani, mama."

"Imebaki inayostahili kubaki."

"Sawa, mama."

Hiyo "sawa, mama" ilimkera kuliko tusi.

Kisha, asubuhi moja, Chiriku akiwa ukumbini na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, alisimama ghafla, macho yakaenda juu, akaanguka. Mama Redio alimlaza ubavu, akamwekea sweta chini ya kichwa, akasubiri huku mwili wa mtoto ukipigwa kama mlango ulioachwa kwenye upepo. Ulipotulia, akamfunika, akampigia mama yake dukani.

Daktari aliwauliza swali moja tu. "Dawa anapata?"

"Anapata," Mama Redio akasema.

"Anapata," mkamwana akasema wakati huohuo.

Kisha kila mmoja akamgeukia mwenzake, na daktari akawatazama wote wawili kama anayechagua nani wa kutoamini kwanza.

Waliporudi, Mama Redio alibadilisha shuka za mtoto. Chini ya mto, upande wa ukutani, godoro lilikuwa na doa jekundu lililokauka, gumu kama gundi, na juu yake doa jingine bichi. Akalinusa. Dawa. Mtoto alikuwa akiificha shavuni, anageukia ukuta, anaitema.

Akakaa chini, sakafuni, uso wake usawa na uso wa mtoto.

"Chiriku, sikupigi. Niambie. Ni mama amekwambia uteme?"

Mtoto akatikisa kichwa.

"Ni nani basi?"

"Hakuna mtu. Nilikusikia."

"Wapi?"

"Kwa Mama Pacha, kwenye katuni. Ulimwambia yule dada hodi, hodi, mgeni wa kijiko. Akasema karibu. Ukamnywesha akaanguka." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Halafu ukacheka. Ni cheko lako, bibi."

Mama Redio akainuka sakafuni.

Kwa maana alikumbuka. Ilikuwa mwisho wa siku, koo limechoka. Karatasi ilisema malkia anamwambia binti, "Kunywa, mpenzi," basi. Lakini mdomo mweusi kwenye kioo uliendelea kutembea baada ya maneno kwisha. "Bado unasema, mama," Masikio alilia masikioni mwake. "Ongeza kitu. Kitamu, cha nyumbani, kama unampenda kweli." Na Mama Redio, ambaye hakuonyeshwa kikombe wala kijiko wala msichana, alifumba macho akamwona mjukuu wake, akasema kitu kitamu kuliko vyote alivyokuwa navyo. Masikio aliruka kwenye kiti kwa furaha. Kisha akamwomba acheke kidogo, cheko la akiba, litapata pa kukaa. Akamchekea Chiriku aliyekuwa kichwani mwake.

Siku hiyohiyo waliyotoka kwa daktari alishuka ngazi mpaka kwa Mama Pacha, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye mlango wake ulikuwa wazi kwa watoto wa jengo zima. Walikuwa wamejazana kwenye mkeka mbele ya televisheni.

"Naomba mniwekee ile katuni ya malkia," alisema.

Watoto wote wakageuka. Hawakuitazama televisheni, walimtazama yeye. Mmoja wa pacha akafunika masikio, mwingine akaingia chini ya meza, na mdogo kuliko wote akaanza kulia akimwita mama yake.

"Jamani, ni bibi wa Chiriku!" Mama Pacha alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama, usiseme tena, nakuomba. Onyesha kwa mikono tu."

Akaitazama filamu yote akiwa amekaa nyuma, mdomo ameufunga.

Binti mfalme alikuwa na macho makubwa kama visahani na kiuno ambacho mtu mzima angekizungushia vidole. Hakuwa na kazi. Aliimba dirishani, akashtuka, akalia vizuri bila pua kuvimba. Katika ngome nzima mwanamke aliyejua hesabu za ghala, mwenye funguo kiunoni na vitabu ukutani, aliyemkatalia waziri jambo, alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye mbaya. Walimchora nyusi nene na shingo ya mwanamke aliyewahi kubeba vitu. Alikuwa na umri, na hilo peke yake lilielekea kuwa kosa la kwanza. Kwa nini alimchukia binti? Hawakusema. Hakupewa hata dakika ya kujieleza. Alimnywesha sumu kwa upendo wote wa Mama Redio, akacheka cheko la Mama Redio, na mwishoni akaporomoka kwenye genge la mlima, wala hakuna aliyeuliza habari za mazishi. Yule mvulana wa kumwamsha binti alionekana muda wa maji kuchemka, akabusu, akapewa nchi.

Watoto walipiga makofi genge lilipomla malkia. Mama Redio aliwatazama migongo. Wasichana wote walikuwa wamekaa kama binti mfalme, vichwa vimeinamia bega moja.

Siku iliyofuata alikuwa mlangoni kwa Masikio.

"Uliniambia ni mlezi."

"Mama wa kambo si mlezi?"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua ananywesha sumu."

Masikio alivua upande mmoja wa vipokea sauti. Alikuwa na sikio la kawaida tu. "Mama, nisikilize. Ningekwambia ni mbaya ungenguruma. Ninyi watu wa redio mkiambiwa mtu mbaya mnanguruma kama simba wa sarakasi. Mimi nilitaka upendo wa kweli, nikaupata. Watoto wanakuogopa nchi nzima! Hiyo ni sifa."

"Kuna mmoja ananiogopa nikiwa nimeshika dawa yake. Jana ameanguka."

Kijana alionekana kuumia kweli, na Mama Redio hakuwa na hakika kama ameumia au ameigiza. "Pole sana, mama. Lakini nifanyeje? Imeshatoka. Siwezi kuingia majumbani kwa watu niwatoe sauti yako masikioni." Akakohoa. "Sehemu ya pili tunaanza karibuni. Malkia anarudi. Kumbe hakufa."

"Anarudi kufanya nini?"

"Hiyo sasa, mama, tutaona tukifika."

"Basi mtafika na mwingine."

Akaondoka. Mtaani alinunua tikiti maji akaomba apunguziwe bei, na muuzaji akamwambia, "Sawa, mzee," kabla hajainua uso.

Jioni, mkamwana alipovua viatu, Mama Redio alimwekea kiti.

"Mwanangu, si wewe."

"Si mimi nini, mama?"

"Si wewe uliyemgeuza mtoto."

Mkamwana alikaa polepole. Aliambiwa yote, maneno ya hodi, mdomo kwenye kioo, doa chini ya mto. Alisikiliza bila kukatiza, kisha akasema, "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unanidhania mimi."

"Ndiyo."

"Mimi nami nilikuwa nanusa ile chupa kila unapoiweka. Nilifikiri macho yako yamechoka, labda unamzidishia. Nilipiga na alama kwa kucha kwenye lebo."

Walitazamana. Kulikuwa na nafasi ya kucheka hapo, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze.

Walimwita Chiriku, wakamketisha katikati. Bibi alimweleza jinsi sauti inavyochukuliwa kijumbani ikapachikwa kwenye mdomo wa mtu asiyekuwepo. Alimwambia kwamba yeye hakujua kikombe kina nini.

"Hata yule alisema hajui," mtoto akajibu. "Baba wa yule dada alipouliza, alisema hajui."

Bibi akajaribu njia nyingine. Akabana koo, akasema kwa sauti nyembamba ya binti mfalme, "Mimi ni mwema, usiogope." Chiriku alipiga ukelele, akamrukia mama yake shingoni. Yule wa kwenye filamu naye alijua kubadili sauti.

"Mama," mkamwana alisema taratibu, "niachie kijiko. Nitampa kabla sijaenda kazini na nikirudi. Saa zinakubali."

Mama Redio alimtazama usoni akitafuta ushindi. Alitafuta kwenye macho, akatafuta pembeni mwa mdomo, mahali watu husahau kuficha. Hakuona kitu, na kutoona kwenyewe hakukumtuliza. Alikuwa amekaa muda mrefu mno kwenye kazi ya sauti kuziamini nyuso. Lakini doa lile jekundu lilikuwa godoroni, na mtoto alikuwa ameanguka ukumbini na kiatu mkononi. Akasukuma chupa ikavuka meza.

"Bibi akae pale," Chiriku aliamuru, akionyesha kiti cha karibu na mlango. "Akae nimwone. Asiseme."

"Umesikia, mama?" mkamwana aliuliza, kwa aibu.

Mama Redio aliinua mkono kwamba amesikia, akaenda kukaa.

Mkamwana hakujua mchezo wowote. Alijaza kijiko, akakipeleka moja kwa moja, kama mtu anayetia mafuta kwenye taa. Chiriku alifungua kinywa huku macho yake yakiwa hayapo kwenye kijiko wala kwa mama yake. Yalikuwa kwenye midomo ya bibi. Akameza. Uso ukakunjamana kwa uchungu.

"Onyesha ulimi."

Akaonyesha. Ulikuwa mtupu. Dawa imekwenda.

Mama Redio alijikuta anafungua kinywa kumpongeza, na pumzi ya kwanza ya neno ilikuwa imeshatoka. Mtoto akarudi nyuma, akashika sketi ya mama yake kwa mikono miwili. Bibi akafumba. Alikaa hivyo, midomo imebanwa, mpaka mtoto aliposhuka kitini na kupita mlangoni mbele yake, kwa upande, mgongo ukutani, akienda kucheza.